"Enquire" au "inquire"? Usirudishiwe barua kwa kosa lisilo kosa

Juzi msomaji mmoja wa Pangani kaniandikia kwa uchungu. Barua yake ya kuulizia kazi hotelini imerudishwa, kisa kaandika "enquire" (kuulizia) kwa e badala ya i. Kaambiwa akajifunze Kiingereza kwanza.

Namwelewa, maana na mimi yalinikuta. Nachapa barua za watu hapa Ngamiani, Tanga, tangu enzi za taipureta. Siku moja mteja wangu alirudi kutoka ofisi fulani na barua imepigwa kalamu nyekundu mpaka karatasi imetoboka chini ya neno hilohilo. Bosi alimwambia mbele ya foleni nzima: "Kamwambie mchapaji wako arudi shule." Na neno lilikuwa sahihi! Nilimchapia upya bure, lakini kauli ile inaniuma hadi leo.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Asili ya neno ni Kilatini, na hiyo e imeingia kwa njia ya Kifaransa. Waingereza wengi huandika e wakiulizia mambo ya kawaida, kama bei au chumba, na i kwa uchunguzi rasmi. Ndiyo maana uchunguzi wa Uingereza ulioongozwa na John Chilcot kuhusu vita vya Iraq, uliotoa ripoti mwaka 2016, uliitwa Iraq Inquiry. Wamarekani hupendelea i kote. Hata hivyo kwao kuna gazeti la Philadelphia Inquirer, la tangu 1829, na kuna gazeti jingine, National Enquirer, lenye e. Nani basi wa kukuchania barua? Shika moja, uende nayo mpaka mwisho wa barua.

Kinachowaponza watu ni kingine kabisa. Kwa kuwa sisi husema "namuuliza meneja", mtu anaandika "I enquire the manager". Hapana! Hapo andika "ask the manager", yatosha. "Enquire" inataka "about" ukiulizia kitu. Ukiweka "after" unamjulia mtu hali, na "inquire into the vacancy" (vacancy ni nafasi ya kazi) inasomeka kama unawatuhumu. Someni barua zenu kwa sauti kabla ya kuja kuchapisha. Msiandike kwa haraka halafu mkalaumu bahati.

Ndugu yangu wa Pangani, barua yako nimeisoma. Hiyo e iache. Umeandika "enquire the vacancy". Ongeza "about" katikati, kisha uipeleke tena, na ukiulizwa kuhusu e, jibu kwa adabu bila kutetereka.