Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea ualimu wa msingi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Sisi huku Ujiji hatujambo, Alhamdulillahi.

Umeniuliza kama utakuwa umechelewa ukiacha ukeshia ukiwa na miaka 39, ukarudi chuo kusomea ualimu wa shule ya msingi. Ukaongeza kwamba mawifi zako wanasema huko ni kushuka, mtu mwenye kidato cha sita na kazi mjini Tabora haendi kufundisha a, e, i, o, u. Jibu lake ni refu, ndiyo maana sikukupigia simu.

Hujachelewa. Ila usiache mwaka mwingine upite, na sababu ni ya hesabu tu. Matangazo ya ajira za walimu serikalini huweka sharti kwamba mwombaji asizidi miaka 45. Shahada ni miaka mitatu, kwa hiyo ukianza sasa utamaliza na muda wa kuomba upo, lakini si mwingi. Na huenda ukaomba zaidi ya mara moja. Enzi zetu ulikuwa ukimaliza chuo unapangiwa kituo, unabeba godoro unakwenda. Siku hizi walimu wanafanyiwa usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, na vijana wengi wenye vyeti wako mitaani wanasubiri, wengine wanajitolea mashuleni kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Utapanga foleni nao. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuweke kwenye bajeti, kwani wanataka mwombaji asiyezidi miaka 35. Ada itatoka kwako na kwa mumeo, nami nitaongeza kutoka kwenye pensheni yangu. Zungumza na baba wa watoto hayo yote kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa hilo la kushuka. Limeniuma, kwa sababu nimelisikia maisha yangu yote ya kazi. Hapo Tabora watu watakuonyesha alipofundisha Nyerere, shule ya Mtakatifu Maria, kabla hajaenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Wote wanamtaja kwa heshima, na ni haki yake. Lakini yeye mwenyewe aliingia darasa la kwanza mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Kuna mtu alisimama mbele yake ubaoni, Mwalimu James Irenge. Ni wangapi wanalijua jina hilo? Waulize mawifi zako nani aliwafundisha wao kusoma. Mtu akisema kazi hiyo ni ya chini, basi amesahau aliyemshika mkono.

Mimi nilianza kufundisha nikiwa binti aliyetoka tu darasa la saba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo mwaka 1977, na walimu hawakutosha, tukachukuliwa sisi, tukafundisha huku tunasoma. Lakini kipindi ninachotaka ukikumbuke ni kile cha MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, wewe ukiwa sekondari. Walimu wa aina yangu tulitakiwa tufike Daraja la A, cheti cha ualimu cha wenye kidato cha nne. Nikafanya mtihani wa maarifa, ule wa kukuruhusu kufanya wa kidato cha nne, kisha kidato cha nne chenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea, mimi na wewe tukitumia meza moja na taa moja. Hesabu za aljebra ulinielekeza wewe. Nilikuwa na umri mkubwa kuliko huo unaouogopa leo.

Kwa hiyo najua kusoma ukubwani kulivyo. Kukariri kunakuwa kugumu: ukurasa ambao kijana anaushika kwa kuusoma mara moja, wewe utaurudia na kuurudia. Usiku utasinzia juu ya moduli kwa sababu mchana umepika, umefua, umeuguza mtoto. Ila kuna mambo yatakuingia kuliko yatakavyomwingia kijana yeyote darasani kwenu. Nilipofika kwenye saikolojia ya mtoto, kila ukurasa nilikuwa nawaona ninyi: yule aliyechelewa kuzungumza, yule aliyekojoa kitandani baba yenu alipofariki. Vijana waliandika majibu ya kitabu. Mimi nilielewa kinachosemwa.

Na hilo ndilo litakalokusaidia darasani. Mtoto akilala juu ya dawati, utajua kama ana homa au hajala tangu jana. Huku kwetu ukiwa mwalimu unahesabu mwezi: usiku wa giza mitumbwi inaingia ziwani kuvua dagaa, na asubuhi yake madaftari ya mahudhurio yana matundu, watoto wako ufukweni wanaanika. Mbalamwezi ikitoka, wanarudi. Kwenu, ukipangiwa Urambo au Sikonge, itakuwa msimu wa tumbaku, watoto wako shambani na kwenye mabani ya kukaushia. Mama mtu mzima anaweza kwenda kwa mzazi huyo jioni, akakaa kwenye mkeka wakaongea. Mzazi atamsikiliza kwa namna ambayo hamsikilizi kijana aliyeshuka kwenye basi jana.

Ukifika, omba darasa la kwanza. Walimu wengi hulikimbia, linaachiwa walimu wageni au wanaokaribia kustaafu, na mimi naona hapo ndipo shule nzima inaposimama au kuanguka. Tangu mwaka 2015 madarasa mawili ya mwanzo mkazo ni KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na mtoto anafundishwa sauti ya herufi kabla ya kitu kingine. Mtoto wa kijijini atakuja na Kinyamwezi chake, R na L zitabadilishana nafasi mwaka mzima, usimcheke wala usikubali wenzake wamcheke. Msikilize, mtamkie tena, mwache ajaribu. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu. Mimi baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016 nilikuwa na zaidi ya mia katika chumba kimoja, wengine wamekaa chini, na bado kila mmoja ana haki ya kusomeshwa. Utajifunza kufaragua zana: vifuniko vya soda vya kuhesabia, kokwa za michikichi, maboksi ya dawa ya kuandikia silabi. Utaumwa koo. Halafu siku moja, mara nyingi mwezi wa nane au wa tisa, mtoto ambaye ulikuwa umeanza kumhofia anaweka kidole chini ya neno na kulisoma lote bila kukuangalia usoni. Sijui kazi nyingine inayompa mtu kitu kama hicho, na nataka ukipate.

Kabla hujajaza fomu, omba likizo yako ya mwaka iangukie Januari. Nenda shule ya jirani, zungumza na mwalimu mkuu, ukae darasa la kwanza wiki za mwanzo, watoto wanapolia na kutoroka. Ukitoka hapo bado unaitaka kazi hii, usimsikilize mtu tena.

Kuhusu chuo, kuwa makini. Shahada nyingi za ualimu huandaa walimu wa sekondari wa masomo mawili. Uliza wazi, tena usome mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama hiyo unayoiomba inakuandaa kwa elimu ya awali na msingi. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapo Tabora, hakina shida na umri, na utaweza kubaki kazini huku unasoma, ila utakuwa unasoma peke yako muda mwingi, na wengi huishia njiani kwa ajili hiyo. Tafuta wenzako wawili watatu mkutane Jumamosi. Ukiona shahada ni mzigo, stashahada ya chuo cha ualimu pia inakuingiza shule ya msingi, usiidharau. Mazoezi ya kufundisha, ile BTP, usiyafanye kwa kutimiza wajibu. Mwombe mwalimu mwenyeji akae nyuma akusahihishe.

Vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita viko kwangu, kwenye sanduku la bati. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina lako la pili limeandikwa tofauti na la shule, kwa hiyo kaanze kulishughulikia mapema RITA, wanakosajili vizazi na vifo, maana dirisha la udahili likifunguliwa Julai hutakuwa na muda wa kuhangaika. Na huyo mdogo, nyakati za mitihani mlete kwangu. Mpandishe treni na shangazi yake, nitampokea stesheni Kigoma.

Mama yako,
Ujiji