Kabla Hujawapendanisha, Andika Kanuni ya Kura

Miswada ninayoletewa na vijana wa hapa Mombasa siku hizi ina jumba, kamera kila pembe, washiriki kumi na kitu, na mapenzi. Sina neno na hilo. Wamekua wakizitazama shoo hizi za mashindano ya runinga na ni haki yao kuziandikia riwaya. Shida ni kwamba wawili hao hupendana vilevile ambavyo wangependana pale ufukweni Mama Ngina wakila mihogo ya pilipili. Shindano limetundikwa nyuma yao kama pazia la studio ya picha. Ukiling'oa, kisa kinabaki kizima. Kwa hivyo nyinyi mnaoanza nawaomba jambo moja: andikeni kanuni ya kura kwanza, kwenye karatasi, kabla hata hamjampa msichana jina. Nani anamtoa nani? Mahusiano yote ya mle ndani yanazaliwa hapo.

Chukua Big Brother Africa ya kwanza, mwaka 2003. Washiriki 12 kutoka nchi 12 walifungiwa jumba moja Johannesburg, na kura za watazamaji zilihesabiwa kwa nchi, kila nchi kura moja. Dola 100,000 alizichukua Cherise Makubale wa Zambia, na Mwisho Mwampamba wa Tanzania akawa wa pili. Sasa tuseme mhusika wako ni Mkenya na kanuni hiyo anaijua. Akimpenda wa kwao, ameongeza nini? Kura ya Kenya anayo tayari. Akimpenda Mmalawi, huenda Malawi nzima ikamwonea imani, au ikamchukia kwa kumchezea mtoto wao. Hata mapenzi yakiwa ya kweli tupu, hesabu hiyo imo chumbani na mwenzake anaijua vilevile. Siku moja atamuuliza, "Wanipenda mimi ama wapenda kura za kwetu?" Jibu lolote atakalotoa litaonekana la uongo. Hapo una sura tano bila kutafuta fitina ya kubandika.

Survivor ya Marekani ina mambo yake. Washiriki hutoana wenyewe kwa wenyewe, kisha baadhi ya waliotolewa hukaa kama wazee wa baraza na kuchagua mshindi. Msimu wake wa tatu ulirekodiwa hapa hapa Kenya, katika hifadhi ya Shaba kule Isiolo, mwaka 2001, na Ethan Zohn akaondoka na dola milioni moja. Kwa mwandishi kanuni hii ni tamu kuliko ya watazamaji, maana inamlazimu mtu kumsaliti mwenzake kwa namna ambayo mwenzake ataweza kumsamehe, halafu ampigie kura. Kumtoa mpenzi wako kwa adabu! Jaribu kuyaandika mazungumzo hayo uone.

Yako pia mashindano ya waimbaji ambapo majaji huwataja walio hatarini, watazamaji wakamwokoa mmoja na washiriki wakamwokoa mwingine. Ningekuwa naanza leo, ningechagua hii. Mwanaidi wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, anasimama jukwaani, matangazo ya moja kwa moja, na lazima ataje jina la anayemwokoa. Mpenzi wake yuko hatarini, na shoga yake, rafiki wa kike anayelala kitanda cha pili, yuko hatarini. Akitaja la mpenzi, mama yake ameshapata jibu la swali ambalo kila juma hulikwepa kwenye kochi la nyumbani. Akitaja la shoga, kijana anapanda basi kesho asubuhi. Ona kwamba hatujahitaji mtu mbaya. Kanuni peke yake imeshawabana wote.

Kabla sijaingia uandishi niliwahi kufanya kibarua cha sauti kwenye shoo ya aina hii, na ninalokumbuka zaidi si kamera. Kamera washiriki huzisahau upesi mno. Maikrofoni hawaisahau, kwa sababu imebanwa kifuani, kuna kisanduku kiunoni, na betri lazima zibadilishwe. Wakinong'ona wameiziba kwa kiganja, sauti ya spika inawakumbusha waiachilie. Wakikumbatiana, maneno yanafifia, nguo zinakwaruza, na aliyevaa hedifoni chumba cha pili anasikia moyo ukidunda. Mtu wa sauti hujua mapenzi ya watu kabla wenyewe hawajakiri. Kwa hivyo usiniandikie "walipobaki peke yao". Hawakubaki. Kuna kijana wa kibarua mwenye njaa, saa nane za usiku, anawasikiliza huku akiombea walale naye apumzike. Nimeshangaa sana kwamba hakuna aliyeniletea riwaya inayosimuliwa na huyo.

Kwenye chumba cha maungamo, ambako mshiriki huzungumza na kamera peke yake, pia kuna jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halijui. Mshiriki hufundishwa kulirudia swali ndani ya jibu, ili sauti ya muulizaji ikatwe. Akiulizwa alijisikiaje rafiki yake alipotolewa, hatakiwi kusema "vibaya" akanyamaza, aseme, "Rafiki yangu alipotolewa, nilijisikia vibaya." Itumie hiyo. Mhusika wako akianza kuzungumza hivyo jikoni, mbele ya mtu anayempenda, msomaji atahisi kuna kilichoharibika na hutahitaji kumweleza. Uhariri nao una ujanja wake: wakionyesha mgongo wa mtu au ukuta huku sauti yake ikiendelea, huenda maneno hayo yameungwa kutoka siku tofauti. Mtu anaweza kuvunjiwa uchumba kwa sentensi ambayo hakuitamka.

Sisi wa Mwambao tuna akiba nyingine ambayo naona mnaiacha kabatini. Jumba lenye vinasa sauti ni mahali pa mafumbo, na mafumbo tunayo tangu zamani. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake wa mji huu, vilishindana enzi ya ukoloni kwa mavazi, gwaride na nyimbo za kuchomana, na aliyechomwa alijua ni yeye bila kutajwa. Mwanaidi akitoka chumbani amejifunga leso yenye jina "Japo sipati tamaa sikati", mtayarishaji kutoka mbali ataona nguo yenye rangi nzuri. Nyanya yake, aliyeketi Kibokoni mbele ya runinga, ataizima. Sharti moja tu: usimfasirie msomaji fumbo hilo katika sentensi inayofuata. Wengi wenu hufanya hivyo, na ladha yote huishia hapo.

Nyumbani pia msipasahau, ingawa hapo sina mengi, kwa kuwa hao watu mnawajua kuniliko. Majirani wanachangishana kredo ya simu ya kupigia kura. Mjomba anasema hatazami upuuzi ule, na anajua kila aliyetolewa tangu mwanzo. Mwenye kuchangia kredo huanza kujiona ana sauti katika ndoa ya mtoto wa watu.

Na msiifunge riwaya siku ya kombe. Rob Mariano na Amber Brkich walikutana katika Survivor ya nyota wa zamani, iliyorekodiwa mwishoni mwa mwaka 2003. Watazamaji walijua mshindi Mei 2004, na kabla kura hazijasomwa Rob alimposa Amber hapo hapo, runinga ikionyesha. Kisha Amber akashinda kwa kura 4 dhidi ya 3. Watazamaji hukumbuka posa. Mimi huwaza ile miezi ya katikati, wakati shoo imeshakwisha lakini nchi haijui, na matokeo hayaruhusiwi kuvuja. Walete wachumba kama hao huku kwetu. Mkataba unawakataza wasionekane pamoja hadi fainali itangazwe, msichana yuko Kibokoni, kijana kapanga Likoni, ng'ambo ya feri. Watakutana wapi, katika mji ambao ukivuka feri na mwanamume asiye ndugu yako, habari inafika nyumbani kabla yako?