Swali la lugha: Maiti wa mtu, mzoga wa nguruwe

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, fani ya forensiki, yaani uchunguzi wa kisayansi unaosaidia mahakama. Tasnifu naiandika kwa Kiingereza, ila chuo kinataka ikisiri ya Kiswahili pia. Sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Utafiti huu wa sayansi ya jinai ulikadiria wakati wa kifo kwa kutumia mabuu ya nzi yaliyokusanywa kwenye maiti za nguruwe." Msimamizi wangu amepiga mstari mwekundu chini ya "sayansi ya jinai" na kuandika pembeni: "Ndiyo sayansi ya kutenda uhalifu?" Niandikeje?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako ametia chumvi, lakini kidogo tu. Sayansi ya udongo huchunguza udongo, sayansi ya siasa huchunguza siasa. Kwa mwendo huo huo, sayansi ya jinai ingechunguza jinai yenyewe: nani huitenda, wapi huzidi, kwa nini. Hiyo ni fani nyingine, wenyewe huiita elimujinai au kriminolojia. Wewe huchunguzi jinai. Unachunguza nzi.

Tanzania tuna majina mawili yaliyokwisha kuzoeleka. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali husema "sayansi jinai", bila "ya" katikati. Jeshi la Polisi nalo lina Kamisheni ya Uchunguzi wa Kisayansi. Wapo wanaolikataa "sayansi jinai" eti nomino mbili haziwezi kukaa pamoja hivihivi. Hao nawauliza kama waliikataa na sayansi kimu walipokuwa shuleni.

Kasoro ya jina hilo, kwa maoni yangu, iko kwenye neno "jinai". Asili ya forensiki ni neno la Kilatini, forum, yaani uwanja ambako Warumi walikutana na kuamua mashauri yao. Halikubagua shauri la wizi na shauri la urithi. Na kazi yenyewe haibagui. Anayepima vinasaba ili ijulikane baba wa mtoto hamtafuti mhalifu, na anayelinganisha sahihi kwenye wosia huenda kesi yake ikawa ya madai tangu mwanzo hadi mwisho. Ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilipoanguka Machi 2019 na kuua watu 157, ndugu walitoa sampuli za vinasaba ili wajue masalia ni ya nani. Pale aliyetafutwa ni marehemu.

Kwa hiyo, ikiwa tasnifu yako inahusu kesi za mauaji, andika "sayansi jinai" bila wasiwasi. Ikiwa inagusa pia vifo visivyo na mkono wa mtu, nami nashuku ndivyo, maana nzi haulizi marehemu alikufaje, basi "uchunguzi wa kisayansi wa vifo" linakutosha.

Lakini kalamu nyekundu iliishia mapema. Penye makosa makubwa zaidi haikufika.

Kwanza "maiti za nguruwe". Maiti ni wa binadamu. Mnyama akifa ni mzoga. Najua kwa nini mnatumia nguruwe: ukubwa wake na ngozi yake isiyo na manyoya mengi vinakaribiana na vya mtu. Lakini kukaribiana huko hakumpi sanda. Nenda kwenye msiba wowote wa pwani usikilize: maiti *anaoshwa*, maiti *anakafiniwa*. Wanampa upatanisho wa kiumbe hai, ingawa magazeti siku hizi huandika "maiti ilipatikana". Zote mbili utazikuta kwa wasemaji wazuri, na sitakulazimisha uchague. Ila nguruwe wako waandikie mizoga.

Pili, "mabuu yaliyokusanywa". Buu lina umbo la ngeli ya *li-/ya-*, lakini ni mdudu, ana uhai, kwa hiyo mabuu *wa* nzi *waliokusanywa*, kama tusemavyo madaktari *wamefika*. Umefanya vizuri kuepuka "funza". Nyumbani nyama ikiharibika tunasema imeingia funza, sawa kabisa, lakini funza huyohuyo ndiye jina la mdudu anayeingia kwenye vidole vya miguu, na mwanasheria wa upande wa pili atakuuliza ni yupi kati yao uliyemkuta.

Tatu, na hapa lugha inaingia moja kwa moja kwenye sayansi yako: "wakati wa kifo". Wakati ni pale jambo lilipotukia. Muda ni urefu kutoka pale hadi hapa. "Alikufa wakati wa alfajiri", lakini "muda wa siku tatu umepita". Mabuu hawakuambii alfajiri. Wanakuambia umri wao, tena kwa kutegemea joto, kwani penye joto hukua upesi na penye baridi huchelewa. Umri huo nao unaanza kuhesabiwa nzi alipotaga. Mwili ukiwa umefungwa ndani ya chumba au umeviringishwa blanketi, huenda nzi alichelewa kuufikia. Kwa hiyo unachokadiria ni *muda tangu kifo*, na kwa uangalifu zaidi, *muda wa chini kabisa* tangu kifo. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Ukiitwa kizimbani kama shahidi mtaalamu ukasema "wakati wa kifo", utatakiwa kutaja saa.

Sentensi yako basi, ikiwa ni ya kesi za mauaji: "Utafiti huu wa sayansi jinai ulikadiria muda wa chini kabisa tangu kifo kwa kutumia mabuu wa nzi waliokusanywa kwenye mizoga ya nguruwe."

Ukifika kwenye hatua inayofuata buu, kuna wanaotaka "kifukofuko". Usikubali. Kifukofuko ni kile ambacho mdudu hujisokotea kwa nyuzi, kama nondo wa hariri. Nzi hasokoti kitu. Ngozi yake ya mwisho ya ubuu ndiyo hukauka ikawa gamba. Andika "pupa", ila lieleze mara ya kwanza unapolitaja, usije ukaandika "nzi walikusanywa kwa pupa" na msimamizi akarudi na kalamu yake.