Kupima majani sio kazi ya kitoto

Jana nimepata meseji kwa dada mmoja yuko chuo mwaka wa tatu, anafanya risechi ya ukuaji wa majani ya mpapai na wenzake wanamcheka eti kachukua topiki ya darasa la nne. Dada yangu, hayo maneno nayajua. Mimi niliambiwa mbele ya darasa zima, na mtu niliyekuwa namheshimu sana, kwamba rula na uzi sio sayansi. Mpaka leo inaniuma. Lakini data zangu zilisimama, na hiyo kazi ya majani ndio inanilisha sasa hivi.

Cha kwanza, funga uzi kwenye kikonyo, kila jani na rangi yake. Usihesabu kutoka juu, maana kileleni yanatoka mapya kila mara, jani la tatu la leo wiki ijayo sio la tatu tena.

Na mpapai umechagua vizuri mno, kwa sababu mche ukiwa mchanga majani ya mwanzo hayana mikato, halafu yanayofuata yanazidi kuchanika mpaka yanatanuka kama vidole vya mkono, sasa ukipima urefu tu umekosa habari yote. Laza jani juu ya ubao bila kulikata, weka rula pembeni, piga picha simu ikiwa juu yake wima kabisa, kisha ingiza kwenye ImageJ, programu ya bure. Itakupa eneo na mzingo. Chukua 4π mara eneo, gawanya kwa kipeo cha pili cha mzingo: duara ni 1, na jani likizidi kuchanika namba inashuka kuelekea 0. Hapo umepima umbo.

Wa mahindi nyie, eneo la jani ni urefu mara upana mkubwa mara 0.75, kanuni ya mtafiti Montgomery hiyo, 1911, na bado inatumika. Ila pimeni asubuhi, mchana jani lenye kiu linajikunja.

Anayecheka mwambieni habari za Stephen Hales, mchungaji wa kanisa huko Uingereza, 1727 alishaandika jinsi alivyotia vitone vyekundu kwa pini kwenye jani changa la mtini, vikiwa na nafasi sawa, akasubiri likue apime vimeachana kiasi gani. Alisubiri! Sisi vijana tunataka majibu wiki moja, halafu tunajaza namba za kupika. Acheni jamani. Rudi shambani siku ileile, saa ileile, andika tarehe, na jani likiliwa na wadudu usilifute kwenye daftari, andika limeliwa.