Nimemaliza Bwana Msa wote, sasa nisome nini?

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nisome nini, kwa hiyo mlioniuliza habari za kupata mchapishaji mnivumilie mpaka toleo lijalo, leo ni riwaya tu, za siri na za zamani.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga. Kusoma nilianza na vitabu vya marehemu mzee wangu, aliviacha kwenye sanduku la bati, vya wapelelezi wa riwaya zetu, Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla nimemaliza wote, Willy Gamba nimemaliza, Joram Kiango ndo nilikuwa nakesha naye mpaka mke wangu ananizimia taa. Shida vyote ni vya zamani. Nataka vya siku hizi, vyenye siri ndani, Kiingereza nasoma ila polepole. Rafiki yangu anasema nijaribu riwaya za kihistoria, nikamwambia historia niliachana nayo kidato cha pili. Nisaidie. *Fundi, Tanga*

JIBU: Marahaba kaka fundi, na mzee Mungu amrehemu, maana sanduku la bati lenye Mzimu wa Watu wa Kale ndani yake ni urithi mzito kuliko viwanja vya watu wengine. Nakuelewa kabisa. Mtu akishamzoea yule mzee, anakaa zake na kiko, Najum msaidizi wake pembeni anahangaika na maswali, halafu mwishoni unaonyeshwa kwamba jibu ulikuwa nalo mkononi toka mwanzo ukalipita, basi vingine vyote vinakuwa chai bila sukari. Kile cha kwanza, hicho cha Mzimu, kilitoka 1960, Kosa la Bwana Msa 1984, na toka hapo kiko kile hakijapata mvutaji mwingine, hayo ni maoni yangu na najua nitatukanwa.

Ila huyo rafiki yako msikilize. Tafuta Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya 2020, mwaka mmoja tu kabla hajapewa Nobel ya fasihi. Usiogope hiyo Nobel, watu wakisikia Nobel wanadhani kitabu kitawasumbua kichwa. Stori yenyewe ni hii: kuna mtu kapotea. Anaitwa Ilyas, kijana wa mwambao huku kwetu enzi za Mjerumani, kajiandikisha askari mwenyewe kwa hiari yake vita ilipoanza, kamwacha dada yake mdogo Afiya, vita ikaisha, wengine wakarudi na wengine ikajulikana wamekufa, yeye hakuna habari. Miaka inapita, watu wanaoa, wanazaa, wanafungua biashara, na lile swali limekaa tu pale sebuleni kama mgeni asiyeaga, Ilyas yuko wapi? Mpelelezi hakuna. Jibu linakuja mwisho kabisa, kurasa chache tu, sikwambii, ila mimi nilifunga kitabu nikaenda kusimama barazani usiku ule bila kujua nimetoka kufanya nini.

Halafu vita yenyewe ni ile ile Vita Kuu ya Kwanza iliyopiganwa hapo hapo kwenu Novemba 1914, ambayo shuleni tulichoambulia ni habari za nyuki waliowavamia askari tu.

Kuna sehemu moja uisome taratibu. Afiya akiwa bado mtoto kaachwa kwa watu anaowaita mjomba na shangazi, na kaka yake alishamfundisha kusoma na kuandika. Yule bwana siku anagundua kwamba mtoto wa kike anajua kuandika anampiga mpaka anamvunja mkono. Na unajua kinachomtoa pale ni nini? Kikaratasi. Maneno machache, kaandika kuomba msaada, kikamfikia Khalifa, rafiki wa kaka yake, akaja kumchukua. Kile kile alichopigiwa ndicho kilichomwokoa, na Gurnah wala hakunyooshei kidole akwambie ona, anapita zake. Huo ndo ushahidi wa aina ya Bwana Msa fundi, umewekwa wazi mezani, asiyesoma vizuri anaupita.

Kiingereza chake hakina madoido, na Kiswahili kimejaa humo ndani, utaenda vizuri tu.

SWALI: Mhariri wa ukurasa huu naomba unirudishie muda wangu. Toleo lililopita ulisema The Fortune Men ya Nadifa Mohamed ni ya kusomwa na wapenda upelelezi. Nimesoma mpaka mwisho, mpelelezi hayupo, muuaji hatajwi, na aliyehukumiwa nilishajua toka mwanzo kwamba atanyongwa kwa sababu imeandikwa huko nje ya kitabu. Siri iko wapi? *Mwenye Hasira, Dodoma*

JIBU: Una haki ya kukasirika na mimi siombi radhi. Kwa ambao hawakusoma: Mahmood Mattan alikuwa baharia Msomali, alikuwa mtu wa kweli, aliishi Cardiff na mke wake Laura na watoto watatu, mwenye duka mmoja mwanamke akauawa, yeye akakamatwa, akanyongwa Septemba 1952. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ikasema hukumu ile ilikuwa mbovu. Miaka 46 baadaye!

Sasa wewe ulikuwa unasubiri nani kaua. Mimi nilichokuwa nafuatilia kwenye kile kitabu ni kitu kingine, inakuwaje watu wazima, polisi, mashahidi, wakili, mahakama nzima, wanakaa pamoja wanajenga jibu la uongo tofali kwa tofali na kila mmoja usiku anarudi kwake analala. Shahidi anaanza na maneno haya, anamaliza na yale. Na wakili wa Mahmood mwenyewe, yaani wa kumtetea, kwenye kesi ile ya kweli alisimama mbele ya mahakama akamwita mteja wake nusu mshenzi. Huyo ndo alikuwa upande wake! Kama hiyo si stori ya upelelezi basi sijui, tofauti ni kwamba anayepeleleza ni wewe msomaji na huna uwezo wa kumwokoa mtu. Inauma, ndiyo. Mahmood naye ana mdomo, anacheza kamari, anadanganya vitu vidogo vidogo visivyo na maana, mpaka unataka kumwambia kaka nyamaza. Mwandishi angeweza kumfanya malaika, hakumfanya, na hapo ndo niliposalimu amri.

Ila sawa, nakubali toleo lile sikusema mapema kwamba hakuna anayepatikana mwishoni. Hilo kosa langu.

SWALI: Salaam dada, tuko wanawake 8 hapa Mombasa, tuna chama, tumechoka kukutana kila mwezi kula viazi karai na kuhesabu pesa. Tumeamua kila baada ya miezi miwili tusome kitabu kimoja. Wawili hawataki damu, mmoja ashasema kama hakuna harusi yeye hasomi, mimi mwenyewe napenda siri. Tuanze na kipi? *Katibu wa Chama*

JIBU: Viazi karai msiache, mtaongea nini bila viazi. Anzeni na The Widows of Malabar Hill ya Sujata Massey, ya 2018. Ni Bombay mwaka 1921, Perveen Mistry ni mwanasheria mwanamke wakati ambao hilo lenyewe ni kioja, anafanya kazi ofisini kwa baba yake. Kuna tajiri Mwislamu kafariki kaacha wajane watatu, wote wanakaa ndani, hawaonani na wanaume, na zimekuja karatasi kwamba wajane wote wameamua kutoa mali zao, mahari yao humo humo, ziende wakfu. Wote watatu! Wataishi na nini? Perveen anaziangalia zile karatasi na mmoja wa wajane hakusaini jina, kaweka alama ya X tu. Sasa mtu anayeweka X alisomaje alichokubali?

Mimi nilipofika hapo nilikumbuka marehemu bibi yangu na dole gumba lake la wino, akiambiwa weka hapa anaweka. Sidhani kama kuna mwanamke wa kwetu atakayehitaji kuelezewa eda ni nini au kwa nini mwanasheria mwanamume asingeweza kuingia mle ndani akauliza maswali. Wasomaji wa Ulaya wanahitaji maelezo, nyinyi mtakuwa mnaguna tu na kutajana majina ya watu mnaowajua. Mauaji yapo ila damu si ya kumwagika kila ukurasa, na ndoa ipo, ya Perveen mwenyewe, ila huyo dada wa harusi mwambieni ajiandae, si ya vigelegele.

Wawili wasiotaka damu kabisa wapeni The Thursday Murder Club ya Richard Osman, ya 2020, wazee wanne wa Kiingereza kwenye nyumba za wastaafu wanachunguza mauaji huku wanakula keki. Ni nyepesi, unasoma unafua. Mimi cha kwanza kilinitosha, vilivyofuata niliona vinarudia utani ule ule.

Na mkitaka cha Kiswahili zamu ya pili, Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ina miaka yake, ni ya 1999, ila Yasmin na Denge hawajazeeka, na filamu yake ya 2021 mnaweza kuimalizia kikao.

SWALI: Assalam aleikum. Niko Muscat, bibi yangu alitoka Unguja, Kiswahili nasema nyumbani ila kusoma nachechemea. Nisome Paradise ya Gurnah kwa Kiingereza au ile tafsiri? *Mjukuu*

JIBU: Waaleikum salaam. Tafsiri. Inaitwa Peponi, kaifanya Ida Hadjivayanis, imetoka Dar kwa Mkuki na Nyota mwaka 2022, na kwangu mimi ni kama kitabu kimerudi nyumbani kikavua viatu. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anampenda tajiri Aziz kwa sababu kila akija humpa sarafu ya anna kumi, hajui kwamba safari hii Aziz kaja kumchukua yeye, baba yake kamweka rehani kwa deni. Msomee bibi kwa sauti, kurasa mbili tatu kila usiku. Ukikwama neno yeye analo.

Ukimaliza hicho na Kiingereza ukikitaka, nenda Out of Darkness, Shining Light ya Petina Gappah, 2019. Hiyo ni ule msafara uliobeba maiti ya Livingstone kutoka kwa Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo, kafa 1873, wakafika 1874. Sehemu ya kwanza anasimulia Halima mpishi, mwanamke wa Unguja mwenye ulimi, na vitabu vya historia humtaja kwa jina tu vikapita. Akiishia Halima anaanza Jacob Wainwright, msomi, mlokole, na hapo nakuonya, utammiss Halima.

SWALI: Dada nina rafiki kila nikianza riwaya ya upelelezi ananitumia voisi noti ananimwagia mwisho wote. Nimfanyeje? *Nimechoka, Mbagala*

JIBU: Usimfute namba. Mwaka jana nilinunua riwaya ya mtumba pembeni ya barabara, muuzaji kanihakikishia nzima dada, chukua. Nimefika pale ambapo wote wamekusanywa sebuleni na mpelelezi kasimama, nafungua ukurasa, jalada. Kurasa za mwisho zimenyofolewa zote. Nilirudi kesho yake jamaa kahama kona. Nikampigia rafiki yangu mmoja wa aina hiyo hiyo ya wako, nikamwambia haya leo nimwagie, mwaga mwisho wote nakusikiliza. Akasema kile yeye kilimchosha, aliishia katikati.