Kumfundisha mtu pikipiki: mwanzishe kwenye kusimama

Wa alaykum salaam, sheikh. Unasema mdogo wako wa Wete kanunua pikipiki ya gia na unataka kumfundisha mwenyewe, uanzie wapi. Mimi nimefundisha vijana kadhaa mtaani kwetu Chake Chake, watoto wa ndugu na wa majirani, na siku zote naanza hivi: ajue kusimama kabla hajajua kwenda.

Leseni ya kujifunzia awe nayo, na kofia ngumu imbane kichwa, mkanda umefungwa. Uwanja uwe mpana, na muende asubuhi kabla watoto hawajatoka kucheza.

Mwanzo kabisa injini isiwashwe. Aisukume, aiinamishe kidogo kushoto na kulia, ajue uzito unamwelemea upande gani. Halafu awashe injini, aje kwenye klachi, ule mkono wa kushoto wa kukata na kuunganisha nguvu ya injini: gia ya kwanza, miguu chini, aachie taratibu mpaka asikie injini inabadilisha sauti na pikipiki inataka kwenda, hapo hapo aibane tena. Arudie mpaka mkono uzoee. Usimwonee huruma akichoka kurudia, maana anayeiachia klachi ghafla ndiye anayeishia ukutani.

Sasa breki. Huku kwetu kijana huambiwa, "Breki ya mbele usiiguse, itakupindua." Maneno haya yanaumiza watu, na nakuomba usimfundishe hivyo. Pikipiki inapopunguza mwendo uzito unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa na kushika lami zaidi. La nyuma linakuwa jepesi, ukikanyaga breki yake peke yake kwa nguvu linajifunga na kuburuzika. Kinachompindua mtu ni kuifinya ya mbele kwa pupa, au kuifinya usukani ukiwa umekata, au juu ya mchanga. Aifinye kama anayekamua ndimu, kwanza kidogo kisha anaongeza, na ya nyuma akiikanyaga pamoja. Wewe simama pembeni utazame shokapu za mbele, zile springi zinazobeba tairi la mbele. Zikizama taratibu, mkono wake uko sawa. Zikishuka kwa mshindo na mgongo wa pikipiki ukainuka, arudie, tena kwa mwendo mdogo zaidi.

Akishaiweza, aje na kilomita 20 kwa saa, afunge breki kwenye alama, na pale aliposimama uweke jiwe. Siku nyingine aje na 40, breki afunge pale pale. Atalipita lile jiwe mbali sana, kwani mwendo ukiwa mara mbili, masafa ya breki yanakuwa kama mara nne. Kijana akiliona hili kwa macho yake huna haja ya kumgombeza kuhusu mwendo.

Pemba yetu ni vilima na mabonde, kwa hiyo msitoke uwanjani moja kwa moja kwenda barabara kuu. Tafuteni kwanza mlima mdogo usio na magari. Mguu wa kulia uishike breki ya nyuma, wa kushoto uwe chini, aongeze mafuta huku anaachia klachi, na pikipiki ikianza kuvuta ndipo aachie breki. Kuteremka atumie gia ndogo. Ile tabia ya kuweka nyutro, yaani bila gia yoyote, ili kubana mafuta mkataze kabisa, injini nayo inasaidia kuzuia mwendo.

Kwenye kona apunguze kabla ya kuingia na atazame anakotokea, asiutazame mtaro, maana mkono hufuata macho. Msimu wa karafuu awe mwangalifu zaidi, majamvi huanikwa hadi ukingoni mwa lami na anayegeuza karafuu huenda kakupa mgongo. Na mvua ikianza tu kunyesha baada ya jua la siku nyingi, vumbi na mafuta ya magari hufanya lami iteleze.

Abiria bado, mpaka aweze kusimama na kukata kona bila kuhangaika. Na siku atakapompakia mama au dada, kabla hajatia gia ageuke ahakikishe buibui limekusanywa na kukaliwa, pembe isining'inie karibu na cheni wala spoku za tairi.