Muulize mwongozaji kuhusu maamuzi yake

Kuna swali ninalomkataza kila kijana anayenijia hapa Iringa akitaka kuanza uhakiki wa filamu: "Filamu yako inatoa ujumbe gani kwa jamii?" Mwongozaji analo jibu lake mdomoni tangu siku ya uzinduzi. Amekwisha kulitoa redioni, kwenye televisheni na kwa wenye chaneli za YouTube. Atakwambia filamu inaelimisha, inaburudisha na kuonya, nawe utaandika hivyo hivyo, na msomaji wako aliyeko Makambako hatapata chochote ambacho bango la filamu halikumpa.

Muulize alichoamua. Kamera ikae wapi, muziki uingie saa ngapi, nani aongee na nani anyamaze, tukio likatwe wapi: yote hayo kuna mtu aliyakalia akaamua. Chagua tukio moja lililokugusa, au lililokukera, umpelekee hilo. Niliwahi kumuuliza mwongozaji mmoja kwa nini, mama anapopokea simu ya msiba, sisi watazamaji tunaonyeshwa mgongo wake tu na hatusikii neno. Akacheka, kisha akaanza kusimulia. Siku ile umeme ulikatika, jirani akawasha jenereta, sauti ikawa haifai kabisa. Muda wa kukaa kwenye ile nyumba ulikuwa unaisha. Wakaamua mama asiseme kitu na kamera irudi nyuma yake. Tulizungumza kirefu siku hiyo, kuhusu sauti, kuhusu fedha, kuhusu mwigizaji anayejua kulia kwa mabega. Hayo yote yalitoka kwenye swali moja la mgongo.

Swali la namna hiyo halipatikani kwa kutazama trela. Mimi hutazama filamu mara mbili. Mara ya kwanza natazama kama watu wengine, bila kalamu. Mara ya pili nakuwa na daftari, naandika dakika na sekunde ya kila jambo linalonisimamisha. Usinunue nakala ya wizi inayouzwa kwenye flashi pale stendi halafu ukajiita mhakiki. Mpigie prodyuza, jitambulishe, umwombe kiungo cha kutazamia. Wengi watakupa, hasa wale wasiozoea kupigiwa simu kutoka mikoani. Bando litakuuma, najua. Lipia.

Ukipata nafasi, kaitazame tena na watu. Kwenye kibanda umiza, chumba cha mtaani cha kutazamia filamu kwa kiingilio, cha Mlandege au Kihesa hapa Iringa utajifunza jambo ambalo ukumbi wa uzinduzi kule Dar es Salaam haukufundishi, kwa sababu uzinduzi umejaa ndugu na marafiki wa waigizaji. Kibandani mtu amelipa hela yake. Angalia wapi wanaacha kupiga soga, wapi wanamjibu mwigizaji kwa sauti, wapi mmoja anatoka nje kununua karanga. Si lazima ukubaliane nao, lakini yaandike, kisha umuulize mwongozaji kuhusu dakika zile.

Ujue pia historia ya soko. Watu husema filamu zetu za zamani zilivutwa mno, gari linaingia getini dakika nzima. Ni kweli, lakini enzi za VCD na DVD hadithi moja ilikatwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, ikauzwa mara mbili, kwa hiyo ilibidi ijaze diski zote mbili. Mhakiki asiyejua hilo atamlaumu mhariri kwa jambo lililoanzia kwa msambazaji. Leo wengi wanaandika tamthilia za televisheni, ambako kila kipande kinatakiwa kiishe na kitu cha kumrudisha mtazamaji kesho. Muulize mwandishi anavyoishi na sharti hilo. Muulize pia, kwa adabu, kama kuna kilichobadilika baada ya filamu kukaguliwa na Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja. Asipotaka kulijibu hilo, usimbane.

Filamu ikitokana na kitabu, soma kitabu. Amil Shivji alipoitoa Vuta N'kuvute mwaka 2021, ikaonyeshwa hadi kwenye tamasha la Toronto, wengi wetu tulikuwa tayari na riwaya ya Adam Shafi kichwani tangu kidato cha tano na cha sita. Huo ni mtaji mkubwa kwa mhakiki. Hupotezi muda kuuliza hadithi inahusu nini. Unauliza nini kimeachwa, na kwa nini wahusika wakuu, Yasmin na Denge, wamepewa nafasi hii na si ile.

Sasa nije kwenye jambo linalonichoma. Katika filamu zetu ngapi dada wa kazi anatoka Iringa? Anaingia na mfuko wake, haijui friji, lafudhi yake imekuzwa hadi ichekeshe, kisha anatumwa, anapigwa au anamtega baba mwenye nyumba. Mwanamume wa Kihehe naye akitokea, basi ni mtu wa hasira za ghafla na kamba ya kujinyongea. Hapa kwetu kuna mabinti walioondoka Kilolo, Mufindi na Njombe wakiwa wadogo kwenda kulea watoto wa watu mjini, na wapo waliorudi na mambo ambayo hakuna kamera iliyokaa nayo chini kuyasikiliza. Mhakiki wa nyanda za juu asipouliza, nani atauliza?

Lakini uliza kama mtu wa kazi. Ukianza na "Kwa nini mnatudharau?" mahojiano yameisha. Mimi huuliza hivi: huyu dada uliandika ametoka kijiji gani? Nani alimfundisha mwigizaji lafudhi? Mlizungumza na dada wa kazi yeyote kabla ya kurekodi? Waongozaji wengine hubaki hawana jibu, nami huandika kwamba hawakuwa nalo. Mmoja aliniambia kwamba swali lile lilimfanya arudi kuusoma muswada wake mpya na kumpa yule dada jina la ukoo na mama wa kumpigia simu. Hilo lilinifurahisha kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa kwa makala.

Kuhusu heshima: mtu mzima mpe shikamoo yake, kijana mwenzako mwite kaka au dada, mjulie hali kwanza. Ila ukishaanza, heshima isilimeze swali. Ukimaliza kuuliza, nyamaza. Hasa kwenye simu, ukimya unatisha, na wengi tunaujaza kwa kumsaidia mtu kujibu. Mwache. Kitu kizuri mara nyingi huja baada ya kile kimya. Rekodi kwa ruhusa yake, na maneno yake uyaandike kama alivyoyasema.

Bahasha usipokee, hata ikiitwa nauli. Makala usimtumie aisome kabla haijatoka. Unaweza kumsomea maneno yake mwenyewe ili kuhakikisha umemnukuu sawasawa, basi. Mahojiano na uhakiki viandike mbali mbali: kwenye mahojiano mpe nafasi aeleze, kwenye uhakiki wewe ndiye unayehukumu kilichoonekana kwenye skrini, si nia aliyokusimulia.

Na akipiga simu amekasirika, pokea. Msikilize mpaka amalize. Kama ameonyesha kosa la jina au la tarehe, sahihisha siku hiyo hiyo. Kama anachopinga ni maoni yako, fungua daftari umtajie dakika na sekunde, mjadiliane.